Mjamzito anajua ale nini, mbona hali?

Swali
Wadau, makundi ya vyakula yanafundishwa kliniki, na wajawazito wengi wanayataja bila kukosea. Lakini sahani haifanani na somo. Ni nini hasa kinachoamua anachokula, na mhudumu aanzie wapi?

Mkunga
Anzia kwenye mwili. Kichefuchefu huanza karibu wiki ya 6, na kwa wengi hutulia kati ya wiki ya 14 na 16. Kipindi hicho harufu ya mafuta ya kukaangia inatosha kumfukuza jikoni. Ale kidogo kidogo kila baada ya saa 2 au 3, atafune kitu kikavu kabla hajainuka kitandani, na maji anywe kati ya mlo na mlo. Wala asilazimishwe kujaza sahani, maana miezi mitatu ya kwanza mahitaji ya nishati hayapandi kwa kiasi cha maana. Baadaye huongezeka kama kilokalori 340 kwa siku, na miezi ya mwisho 450 hivi: sawa na mlo mmoja mdogo. Ile kauli ya kula kwa ajili ya watu wawili inapotosha sana.

Akitapika hata maji kwa saa 24, au mkojo ukiwa haba na wa rangi nzito, aende hospitali siku hiyohiyo.

Afisa lishe
Msisahau vidonge. Shirika la Afya Duniani linashauri madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400 kila siku. Wengi huviacha kimyakimya: tumbo linavurugika, choo kinakuwa kigumu na cheusi, na hakuna aliyewaambia kwamba weusi huo ni wa kawaida. Ameze usiku baada ya kula kidogo. Chai na kahawa zikae mbali kwa angalau saa nzima, kwa sababu zinazuia chuma kufyonzwa. Vidonge vya kalsiamu navyo viwe na saa yake.

Anayekula udongo usimkaripie, atakuficha. Mpime wingi wa damu.

Mwuliza swali
Na nyumbani je? Mara nyingi si yeye anayepanga chakula.

Afisa lishe
Hapo ndipo penye uzito. Ukimwuliza "unakula vizuri?" atakujibu kama mtihani. Uliza hivi: jana, tangu kuamka hadi kulala, ulikula nini? Nani alipika, nani alipakua, na wewe ulikula wa ngapi? Anayekula mwisho hukuta mchuzi umebaki na nyama imekwisha. Kwa hiyo ongea na anayepakua, tena umwombe jambo moja tu: chakula cha mjamzito kitengwe kwanza. Ukimpa masharti matano hatashika hata moja.

Akiwa amekatazwa mayai, usibishane na wakwe zake siku ya kwanza. Tafuta mbadala kundi lilelile, maharage au samaki, kisha hudhurio lijalo umwulize tena habari za jana.