Naomba ushauri: kuvua wolai (samaki aitwaye walleye kwa Kiingereza) Ziwa Erie mwezi Julai

Habari zenu ndugu. Nipo Ohio, Marekani, na Julai nataka kumpeleka baba mkwe kuvua wolai Ziwa Erie, tukianzia Port Clinton, mji ulio upande wa magharibi wa ziwa. Mzee amekulia Kigoma, dagaa wa taa anawajua vizuri, ila wolai hajawahi kumgusa. Nasikia joto likizidi wolai wengi huhamia mashariki, kwenye kina na maji ya baridi. Je, Julai bado tutawapata huku magharibi, au twende Cleveland, upande wa mashariki zaidi, moja kwa moja? Tukokote chambo bandia nyuma ya boti au tutumie minyoo?

Kubwa zaidi ni usalama. Boti ni ya futi 18, na ziwa hili halina kina kirefu, mawimbi huinuka ghafla. Upepo ukifika kiasi gani mnaahirisha? Mzee ana miaka 71.