Mnatumia kigezo gani kuchagua vitabu vya kuwasomea watoto wadogo kwa sauti?

Mama Wawili aliuliza:

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu. Nina watoto wawili, mmoja ana miaka miwili na nusu na mwingine anakaribia mitano, na huwasomea kitabu kabla ya kulala. Hadi sasa nimekuwa nikifuata umri uliochapishwa kwenye jalada, lakini naona vitabu viwili vilivyoandikiwa umri ule ule vinaweza kutofautiana mno: kimoja kinawateka wote wawili hadi ukurasa wa mwisho, kingine kinamfanya mdogo ateremke kitandani kabla hata kisa hakijaanza kukolea. Linalonishangaza zaidi ni kwamba kile wanachokikimbia mara nyingi ndicho chenye picha za kupendeza kuliko vyote. Je, mtu aliyesimama mbele ya rafu, mwenye dakika chache tu za kuamua, aangalie nini? Na je, watoto wa umri tofauti wasomewe kitabu kimoja, au niwatenganishe?

Mwalimu wa Awali alijibu:

Mama Wawili, umri wa jaladani ni makadirio tu, na hauwezi kukuambia kama maandishi yenyewe yanasomeka kwa sauti. Mimi hufungua kitabu katikati na kusoma ukurasa mmoja kwa kunong'ona, papo hapo nilipo. Pumzi ikikatika kabla ya nukta, au ulimi ukijikwaa mara mbili katika aya moja, nakirudisha rafuni hata kama picha zake ni za ajabu. Chukua sentensi kama hii: "Sungura, ambaye tangu jana yake hakuwa amepata chochote cha kula kutokana na mvua iliyokuwa ikinyesha bila kukoma, aliamua kuondoka." Kisarufi haina kasoro, na msomaji mzima ataielewa kwa kupitisha macho mara moja. Msikilizaji mdogo, hata hivyo, hawezi kurudisha macho nyuma. Analazimika kumshikilia sungura kichwani mpaka tendo lake lifike, na linapofika sungura ameshamponyoka. Sasa sikiliza hii: "Mvua ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Sungura hakula jana. Hakula leo. Akasema, 'Basi, natoka!'" Kisa ni kile kile, ila kila kipande kinasimama chenyewe, na ile "ikanyesha" inayorudiwa mtoto ataidaka na kuitamka pamoja nawe usiku wa pili.

Jambo la pili ni kuangalia kinachotokea unapofunua ukurasa. Vitabu vingi vya picha vina kurasa 32, kwa kuwa karatasi kubwa za kuchapia hukunjwa na kukatwa katika mafungu ya kurasa 8 au 16. Ukiondoa ukurasa wa jina na ule wa haki za kunakili, hadithi hubaki na nafasi chache za kufunua, na mwandishi stadi hazipotezi: huacha jambo likining'inia chini ya ukurasa wa kulia, ili mkono wa mtoto uwahi kufunua kabla ya wako. Ukiona kila ukurasa unajifunga wenyewe kama aya ya ripoti, ujue kazi yote ya kumvuta mtoto itabaki kwenye sauti yako.

Baba Tatu alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu urefu wa sentensi, lakini ningependa kuongeza tahadhari, maana wazazi wengi wakisikia ushauri huo huanza kukwepa hata maneno magumu, na hilo ni suala jingine kabisa. Mwaka 2015, Jessica Montag na wenzake walilinganisha maandishi ya vitabu 100 vya picha na mazungumzo ya kawaida ambayo watu wazima huwaelekezea watoto, wakakuta kwamba vitabu vina aina nyingi zaidi za maneno. Hilo linaeleweka kwa urahisi: katika mazungumzo ya siku nzima nyumbani tunarudia yale yale ya kuoga, kula, kuvaa na kulala, ilhali kitabu kinaweza kumpeleka mtoto baharini, pangoni au juu ya mawingu, na kila mahali pana maneno yake. Kwa hiyo neno kama "akanyemelea" lisikutishe. Likiwa ndani ya sentensi fupi, na picha ikimwonyesha chui amejibanza nyasini, mtoto atalipokea bila kuhitaji maelezo marefu.

Vilevile usione umeshindwa iwapo wanadai kitabu kile kile kila usiku. Jessica Horst na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, waliwasomea watoto wa miaka mitatu hadithi zenye maneno mapya. Waliosikia hadithi zile zile mara kwa mara walijifunza maneno hayo vizuri kuliko waliosikia hadithi tofauti tofauti, ingawa kila neno lilitajwa idadi sawa ya mara kwa makundi yote mawili. Kwangu mimi hicho ndicho kigezo kikubwa kuliko vyote: je, mimi mwenyewe nitaweza kukivumilia kitabu hiki kwa mwezi mzima? Mzazi aliyechoka na kitabu husoma kama mtu anayesoma masharti ya mkataba, na mtoto hulitambua hilo mara moja.

Mkutubi alijibu:

Niongeze kuhusu picha, kwa kuwa Mama Wawili ameligusia hilo na halijajibiwa. Watafiti Mary Ann Evans na Jean Saint-Aubin walifuatilia macho ya watoto wakati wakisomewa, na katika matokeo yao ya mwaka 2005 ilionekana kwamba watoto wasiojua kusoma huyatazama maandishi kwa nadra sana. Karibu muda wote macho yao yako kwenye picha. Hii ina maana kwamba wakati masikio yanasikiliza hadithi moja, macho yanaisoma nyingine, na vikienda pande tofauti mtoto hupotea. Picha inaweza kuwa ya kisanii kweli kweli lakini isionyeshe tendo lolote: mandhari tulivu, rangi za kuyeyukiana, mhusika amegeuza mgongo. Watu wazima huipenda. Mtoto wa miaka miwili hana pa kuweka kidole. Tafuta picha ambamo unaweza kuuliza "yuko wapi?" na jibu lipatikane.

Kuhusu kuwatenganisha, sioni haja ya kufanya hivyo kila siku. Chagua kisa kwa kumfikiria mkubwa, ila kiwe na kiitikio au milio ambayo mdogo ataikamata: mhusika anayetumbukia majini chubwi, mlango unaofungwa kwa kishindo. Mkubwa atafuata kisa, mdogo atasubiri zamu yake ya kusema "chubwi". Hakikisha pia kitabu ni kipana kiasi cha watoto wawili kukitazama kutoka pande mbili, na kama mnasomea chini ya taa, karatasi zisiwe za kung'aa sana, maana atakayekaa upande wa taa ataona mwanga mtupu.

Vitabu vinavyomaliza kila kisa kwa mawaidha mimi huvipa nafasi ndogo. Maadili yaliyomo ndani ya matendo ya wahusika yanatosha.

Mama Wawili aliandika:

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na swali dogo: nikikuta kitabu kizuri chenye kurasa mbili tatu zilizojaa maneno, je, ni vibaya kuruka baadhi ya sentensi?

Mwalimu wa Awali alijibu:

Ruka bila wasiwasi, lakini fanya hivyo tangu mara ya kwanza, na uziwekee penseli nyepesi sentensi unazoziacha. Mkubwa wako akishakizoea kitabu hatakubali ubadilishe hata neno moja, na ukiruka leo ulichosoma jana atakusimamisha.

Baba Tatu alijibu:

Mimi ningeziacha kwa ajili ya mdogo tu. Wa miaka mitano msomee zote siku mwenzake akiwahi kulala.