Malalamiko: Sayari za siri za Star Wars zimegeuzwa kichaka cha waandishi kujifichia

Wakuu, naomba niliseme jambo hili kwa urefu, kwa sababu kila linapoguswa juu juu mazungumzo huishia kwenye ubishi wa nani anampenda Rey, shujaa wa filamu za karibuni za Star Wars, na nani hampendi, ilhali hoja yangu haimhusu mhusika yeyote. Inahusu sayari zilizofichwa. Katika simulizi ya vita iliyoenea galaksi nzima, sayari ambayo adui haijui ni silaha kubwa kuliko kundi lolote la meli. Kwa hiyo mtunzi anapotuambia kwamba sayari fulani imefichika, ana deni la kutueleza imefichwa na nani, kwa njia gani, na wanaoishi humo wanakula nini. Zamani deni hilo lilikuwa likilipwa. Katika filamu ya The Rise of Skywalker, mwaka 2019, walikataa kulilipa, na hasira yangu haijapoa hadi leo.

Kipimo changu ni sayari ya Kamino. Katika filamu ya Attack of the Clones ya mwaka 2002, Obi-Wan Kenobi, mmoja wa Jedi, yaani mashujaa walinzi wa Jamhuri, anabaki na kimshale cha sumu kilichomuua mtu aliyekuwa anakaribia kumtaja aliyemtuma. Roboti za uchunguzi za Hekalu la Jedi zinashindwa kukitambua. Anayekitambua ni Dexter Jettster, mwenye mgahawa, ambaye aliwahi kuhangaika na uchimbaji wa madini huko pembezoni, na anakijua kwa mikato midogo iliyo ubavuni mwa kimshale hicho. Anamwelekeza Obi-Wan mahali: ng'ambo ya Ukingo wa Nje wa galaksi, parseki (kipimo cha umbali wa anga) kama 12 nje ya eneo la Rishi Maze. Obi-Wan anakwenda kwenye hifadhi ya kumbukumbu, anatazama mahali hapo na kukuta patupu, na mtunza kumbukumbu Jocasta Nu anamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba kisichomo katika kumbukumbu zao hakipo. Kitendawili kinateguliwa na mtoto mdogo katika darasa la Yoda, mwalimu mkuu wa Jedi; mtoto huyo anasema kwamba lazima kuna mtu aliyeifuta. Nyota za jirani bado zinavutwa na uzito wa kitu kisichoonekana kwenye ramani, maana anayefuta faili hawezi kufuta mvutano.

Tazameni mambo yaliyopatikana katika tukio hilo fupi. Tunajua njia iliyotumika kuficha. Tunajua kwamba aliyeficha yumo au aliwahi kuwamo ndani ya nyumba, kwa sababu ni Jedi pekee aliyeweza kugusa kumbukumbu zile. Tunaona kiburi cha taasisi iliyoamini makabati yake kuliko macho yake. Na Obi-Wan anapofika Kamino, wenyeji wanampokea kama mteja waliyekuwa wakimsubiri, wanamwonyesha askari 200,000 walio tayari na wengine milioni moja wanaofuata, kwa agizo lililotolewa miaka kumi nyuma. Hayo ndiyo niyaitayo kuficha sayari.

Sayari ya Hoth, katika filamu ya mwaka 1980, nayo haikuhitaji muujiza wowote. Waasi walichagua barafu ambayo hakuna mtu angeitamani, Dola waliyokuwa wakipigana nayo ikalazimika kutawanya maelfu ya roboti za upelelezi, na moja ikaona mitambo ya kinga. Yaeleweka.

Sasa njooni Exegol, sayari ya siri ya The Rise of Skywalker. Palpatine, mtawala mwovu wa Dola, ambaye tulimwona akitupwa shimoni katika filamu ya mwaka 1983, amerudi, na habari za kurudi kwake tunapewa kwenye maandishi ya utangulizi, huku tangazo lake la sauti likiwa limesikika ndani ya mchezo wa Fortnite siku chache kabla ya filamu kuanza kuonyeshwa. Amekuwa kwenye sayari ambayo haimo katika ramani yoyote, na dira za kufikia huko ni mbili tu. Moja anaichukua Kylo Ren, hasimu wa Rey, kwenye sayari ya Mustafar. Ya pili imo ndani ya mabaki ya Death Star, ngome ya anga ya Dola, yaliyoanguka kwenye mwezi wa Kef Bir, na ili kuyafikia, Rey anasimama juu ya jabali akiwa na kisu cha kale, anavuta kipande cha chuma kutoka kwenye kisu hicho, na umbo lake linalingana na mstari wa mabaki yale, yaliyopigwa na mawimbi ya bahari kwa takriban miaka thelathini. Aliyekitengeneza kisu alijuaje Rey angesimama jabali lipi? Alijuaje bahari isingeng'oa hata kipande kimoja? Filamu haijishughulishi na maswali hayo hata kidogo, kwa sababu tayari imeshakimbilia tukio linalofuata.

Hata hivyo, ningeweza kusamehe kisu. Kinachonikera zaidi ni lile jeshi. Kutoka ardhini Exegol yanaibuka mamia kwa mamia ya manowari za Star Destroyer, kila moja ikiwa na mzinga wa kuangamiza sayari nzima. Meli moja ya aina hiyo inahitaji maelfu ya watu kuiendesha. Watu hao walizaliwa wapi? Nani aliwafunza? Chuma kilichimbwa katika mgodi gani, na kilisafirishwa kwa njia ipi ikiwa kwenye sayari hiyo hakuingiliki bila dira? Kumbukeni kwamba The Last Jedi, iliyotoka miaka miwili tu kabla, iliwekwa juu ya msingi wa mafuta: meli za Upinzani, upande wa Rey, zinaishiwa mafuta moja baada ya nyingine, na watu tuliowazoea wanakufa kwa sababu hiyo. Leo mafuta ni suala la uhai na kifo, kesho yake kundi zima la manowari linachipuka kwenye sayari kavu yenye radi, na hatuambiwi hata lita moja imetoka wapi. Mtu aliyeumia kwa ajili ya wale waliokufa ana haki ya kujisikia amedharauliwa.

Na siri yenyewe inakwisha vipi? Rey anasafiri, anawatumia wenzake njia, na muda mfupi baadaye Lando Calrissian, shujaa wa filamu za zamani, anawasili na kundi kubwa mno la vyombo vya raia. Mahali palipofichwa kwa vizazi panakuwa kama stendi ya mabasi kwa siku moja.

Mtaniambia kwamba majibu yako kwenye vitabu vya ziada. Sikubali. Aliyelipa kiingilio cha sinema anastahili kuielewa vita anayoonyeshwa bila kununua kitabu cha picha. Tena wenye kazi hii walikuwa na mfano tayari. Katika vibonzo vya mwanzoni mwa miaka ya 1990 Palpatine alirudi vilevile, na makao yake yalikuwa Byss, ndani ya kitovu cha galaksi, ambako nyota zimesongamana kiasi kwamba kupanga safari ni hatari kubwa. Ugumu wa kufika ulitokana na mahali penyewe. Mwezi Aprili 2014 vibonzo hivyo viliondolewa katika historia rasmi, kisha miaka mitano baadaye tukaletewa wazo lilelile likiwa limenyang'anywa mantiki yake. Mwandishi Timothy Zahn naye, katika vitabu vyake vya mwaka 2020 na 2021 kuhusu Wachiss, taifa moja la galaksi hiyo, alieleza jinsi watu wanavyosafiri katika maeneo yasiyojulikana: wanategemea watoto wenye kipaji cha kuona mbele kidogo, kipaji kinachopotea wanapokua. Taifa zima linaongozwa na uhaba wa watoto hao. Kumbe inawezekana.

Wapo pia wanaosema hii ni hadithi ya watoto, tusiihoji. Basi tazameni tamthilia ya Skeleton Crew, iliyoonyeshwa kuanzia Desemba 2024 hadi Januari 2025, ambayo kweli ni ya watoto. Humo sayari ya At Attin imefichwa kwa sababu ndiko Jamhuri ya Kale ilikotengeneza fedha zake. Wakazi wanaamini Jamhuri hiyo bado ipo. Wim, mtoto wa sayari hiyo, anapofika kwenye bandari ya maharamia na kutoa fedha alizotoka nazo nyumbani, watu wanashtuka, na wewe mtazamaji unaelewa papo hapo kwa nini sayari hiyo ilifichwa na kwa nini watu wangeua ili kuifikia. Mtoto hajui hata kuelekeza kwao ni wapi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumfundisha. Siri imeingia mpaka kwenye malezi.

Filamu ya Starfighter, iliyotangazwa kutoka Mei 2027, imewekwa takriban miaka mitano baada ya vita vya Exegol. Wanaoiandika wana nafasi ambayo hawataipata tena. Kama wataigusa sayari ile, watuonyeshe viwanda vyake, watuambie nani aliwalisha wajenzi na nani alilipa, na kilichowapata waliobaki hai chini ya ardhi baada ya manowari kuanguka. Na kama hawana majibu hayo, wasituletee sayari nyingine ya siri.