"Kama nilivyoipokea": mnatuchafulia majina, halafu mnatuambia tufunge simu

Ndugu zangu wa jukwaa, poleni na kazi. Naandika kutoka Lubumbashi, komuni ya Katuba, na naandika nikiwa na hasira. Anayetafuta maneno laini apite uzi mwingine. Nimejitahidi Kiswahili changu hata wa Dar na Mombasa wakielewe, maana sidhani kama haya yako kwetu tu.

Kinachonikera ni hiki. Mwanamke akichafuliwa jina kwenye simu, watu wote wanampa ushauri mmoja, kuanzia familia, kanisa, polisi mpaka admini wa grupu: "Toka huko mtandaoni, utulie." Aliyetuma uchafu haambiwi atoke. Haambiwi hata atulie.

Mimi nauza vitenge. Sina meza soko la Kenya, wala Soko Mzee. Meza ni pesa, na ukishaipata kuna ushuru wa kila siku, kuna wa usafi, kuna wa ulinzi, kila mmoja anakuja na kikaratasi chake. Duka langu ni status ya WhatsApp. Mzigo ukifika kutoka Kasumbalesa naukunjua kitandani, napiga picha karibu na dirisha asubuhi, kwa sababu mwanga wa taa unageuza rangi: bluu inaonekana nyeusi, mteja akipokea anakasirika. Naandika bei, naweka. Saa 24 zikipita status imepotea, kwa hiyo kila siku ni kuanza upya. Nina wateja Likasi, nina wateja Kolwezi. Pesa inaingia kwa simu, naitoa kwenye kabine ya pale kona, kitenge kinaondoka na basi. Ndivyo karo ya watoto inavyolipwa na unga wa bukari unavyoingia nyumbani. Nilipojifungua mtoto wa mwisho niliuza nikiwa bado nimelala na kichanga pembeni. Meza gani ya sokoni ingeniruhusu?

Na si biashara tu. Likelemba yetu, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, siku hizi kila anayechanga anatuma uthibitisho kwenye grupu, wote tunaona. Ule wimbo wa "mimi nilishampa fulani" umekwisha. Tuna grupu ya mama wajawazito, ndani yake kuna mkunga mstaafu anayejibu kwa odio hata usiku. Ukimwambia miguu na uso vimevimba, kichwa kinagonga na macho yanaona ukungu, anakwambia usingoje kuche, nenda hospitali sasa hivi. Na yaya yangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yuko Goma. Januari 2025, mji ulipoanguka mikononi mwa waasi, tulikaa hapa Katuba hatujui kama yu hai. Laini ziliporudi, kitu cha kwanza kilikuwa odio yake fupi: "Tuko. Watoto nao wako." Kwa hiyo mtu asije kunihubiria kwamba simu ni ya shetani.

Sasa sikilizeni.

Nilijipiga picha nimejifunga kitenge kipya cha maua makubwa ya manjano, futi ya fundi bado inaning'inia shingoni. Chini niliandika bei ya yadi 6. Status yangu wanaiona watu ambao namba zao ninazo na yangu wanayo, kwa hiyo aliyeichukua ananijua. Alikata bei. Futi aliiacha. Pale palipokuwa na bei akaandika kwa herufi nyekundu kwamba mimi ni mke wa mtu lakini "napatikana", akaweka namba yangu na jina la avenyu yetu.

Mimi nilipoiona tayari ilikuwa na mishale miwili juu, ile alama ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Hapo ndipo nataka mnielewe vizuri, kwa sababu watu wanapenda kusema "ilisambaa", kama vile ilikuwa na miguu. Tangu 2020 ujumbe wenye mishale miwili WhatsApp haikuruhusu kuupeleka kwenye zaidi ya chati moja kwa mara moja. Maana yake aliyeitupa kwenye grupu ya kwaya, aliyeitupa kwa wazazi wa shule, aliyewapelekea wifi zangu, kila mmoja alikaa chini akachagua jina, akabonyeza, akarudi akachagua jina jingine. Vidole vya watu ndivyo vilivyoitembeza. Wengi wao ni watu tunaosalimiana asubuhi, wengine nimewauzia kwa mkopo.

Usiku huo simu haikulala. Namba nisizozijua, simu za video saa sita za usiku, wanaume wanaopumua tu kwenye laini. Mmoja aliuliza bei. Ningekuwa na moyo wa kucheka ningemtajia bei ya yadi 6.

Nikamwandikia admini wa grupu ya mtaa. Ananifahamu, watoto wetu wako darasa moja. Akanijibu: "Mama, mi nilitumaka tu vile nilipokeaka." Na kweli, chini ya picha alikuwa ameandika lile neno lao, "kama nilivyoipokea". Wakishaandika hivyo wanajiona hawana deni na mtu. Yaani mtu anapokea matusi juu ya mke wa jirani yake, anayapitisha kwa watu wote wa mtaa, halafu anajihesabu kuwa posta! Tangu 2022 admini ana uwezo wa kumfutia mtu yeyote ujumbe wake, ukatoweka kwa wanagrupu wote. Na wanaujua huo uwezo. Mtu akiandika siasa isiyompendeza mkubwa fulani, ujumbe unafutwa hujamaliza kuusoma na mwenyewe anatolewa. Picha yangu ililala pale mpaka asubuhi, chini yake vikatuni vya kucheka hadi machozi.

Nikaenda polisi. Sitaji komisaria gani. Yule OPJ, afisa wa upelelezi, aliiangalia picha kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaikuza kwa vidole viwili, kisha akasema: "Njo weye mwenyewe ulitiaka picha, sasa unalia nini?" Halafu nikadaiwa pesa ya karatasi za kuandikia malalamiko. Halafu pesa ya usafiri ya kwenda kumtafuta mtu ambaye hata jina lake hawajaniuliza.

Nikamwambia nchi ina sheria ya mambo haya, Code du numérique, yaani sheria ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, na kumsumbua mtu au kumtisha kwa mawasiliano ya kielektroniki ni kosa la jinai. Akanitazama kama nimeitunga njiani. Hivi haijulikani kweli? Mwandishi wa habari Stanis Bujakera alipokamatwa Kinshasa Septemba 2023, sheria hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotumika kumshtaki, akakaa gerezani Makala mpaka Machi 2024. Wakati huo waliifungua wakaisoma vizuri tu. Mama muuza vitenge akija nayo, inakuwa habari mpya.

Na msiniambie namba haiwezi kutafutwa. Simkadi zinatakiwa kusajiliwa kwa jina la mtu. Mmesahau RAM, ile tozo ya rejista ya simu? Tangu 2020 mpaka walipoifuta 2022, serikali iliingia kwenye simu ya kila Mkongomani ikachota kredi bila kubisha hodi, hata simu ya bibi yangu kijijini iliijua. Mkono ulioweza kuchota hivyo unashindwaje kufika kwa mtu mmoja wa Katuba?

Nyumbani sasa. Kikao cha familia kiliitwa. Mume wangu alinitetea, sitamdhulumu, ila alitetea kwa sauti ya mtu aliyechoka. Mama mkwe aliomba simu yangu iwekwe mezani na neno la siri litajwe mbele ya wote. Shemeji mkubwa akatoa hukumu: nifute status, nibaki na simu ndogo ya tochi, "kwa heshima ya ukoo". Hakuna aliyeuliza nani ameitengeneza ile picha. Wifi yangu aliyekuwa ameipeleka kwenye grupu ya kwaya alikuwa amekaa hapo hapo, anakunywa soda.

Wanaume wa jukwaani mtaniambia hayo ni ya ndani. Sawa. Lakini tangu Julai 2016 Kanuni ya Familia ilibadilishwa, mke halazimiki tena kubeba ruhusa ya mume ndipo afanye shughuli zake kisheria. Zamani aliihitaji. Leo kwenye karatasi niko huru kufungua biashara, na sebuleni naamriwa kuifunga kwa sababu mtu mwingine ametukana. Niliwauliza karo ya Septemba nani atalipa. Wote wakaikumbuka saa ya kuondoka.

Simu ndogo nimekataa. Naendelea kuuza. Wateja kadhaa wamenitoa, wengine wananunua kimyakimya na kuniomba nisiwataje, eti wasije kuonekana na mimi. Hao ndio walioniuma kuliko wale wa saa sita za usiku.

Wanawake wenzangu nao sitawaacha. Grupu za umbea nyingi ninazozijua hapa zina admini mwanamke. Kuna wanaouzia wasichana wa miaka 16 krimu za kuchubua ngozi na vidonge vya kunenepesha makalio, picha yenyewe imepitishwa kwenye kichujio mpaka mtu hana matundu ya pua. Kila mmoja anajua ni uongo na kila mmoja anaweka moyo. Hilo lina uzi wake, nitarudi.

Ninachotaka si kikubwa. Admini aliyeachia picha ya kumdhalilisha mtu aifute na amtoe aliyeileta, usiku huo huo, na kama hawezi aache uadmini. Mkuu wa mtaa anayetuitia kikao kwa ajili ya takataka na mifereji aite kimoja kwa ajili ya hili, maana hata yeye yuko kwenye grupu na nina hakika aliiona. Na polisi apokee malalamiko ya mwanamke kabla ya kumuuliza alivaa nini. Nilivaa kitenge, yadi 6, kimeuzwa.

NYONGEZA: Nimeona majibu ya kwanza. Ndugu unayeandika "mwanamke mwenye heshima haweki sura yake mtandaoni", nimefungua wasifu wako: kuna picha ya mke wako na keki. Yeye heshima yake iko wapi kwa hesabu yako? Na wewe unayesema nitumie picha za vitenge bila mtu, asante, nilishazitumia. Kitenge kilichokunjwa hakionyeshi maua yanakaaje mwilini, wateja wanauliza "kikivaliwa kikoje?" na hawanunui. Kila mwenye duka la nguo anaweka sanamu mlangoni. Mimi sina sanamu, nina mwili wangu.

Dada uliyeniandikia faragha kutoka Kipushi, nimekusoma. Yako ni picha za kweli za faragha, zilizotolewa na aliyekuwa mchumba, kwa hiyo iko njia ambayo kwangu haifai: StopNCII, huduma ya mtandaoni ya kuzuia picha za faragha zisisambazwe, iliyoanza Desemba 2021. Lazima uwe umetimiza miaka 18 na picha uwe nazo mwenyewe. Picha haitoki kwenye simu yako, inatengenezwa alama yake tu, na mitandao iliyojiunga, Facebook na Instagram zikiwemo, inaitumia alama hiyo kuizuia. Haiwezi kufika ndani ya grupu za WhatsApp za watu, usidanganywe. Na usimlipe huyo mwanaume hata franga moja. Ukilipa leo, wiki ijayo anarudi.

Kwa wengine wote, swali langu liko wazi, na nataka jibu la aliyepitia, si la mwenye kudhani. Picha za skrini nimezitunza, zina namba, saa na tarehe, na majina ya grupu. Nataka kuruka komisaria niende moja kwa moja parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Hapa Lubumbashi kuna mwanamke aliyepokelewa hivyo? Alibeba karatasi gani, picha za skrini zilitosha au walitaka simu yenyewe ibaki kwao? Maana simu ikibaki kwao, duka limefungwa, na shemeji atakuwa ameshinda bila kutoa hata senti.