Saizi za imeli kwenye seva, nitumie modeli gani?

mdau_seva: Wakuu habari, nataka kukadiria diski ya seva ya imeli ya ofisini, nimejaribu mgawanyo wa kawaida ule wa kengele lakini data haikai kabisa, nyingi ni KB chache tu halafu ghafla inaingia ya MB 20 na wastani unaruka. Nifanyeje?

takwimu_tu: Mkuu achana na kengele, saizi haishuki chini ya sifuri na mkia wa kulia (zile imeli chache kubwa mno) ni mrefu balaa. Piga logarithimu kila saizi uchore histogramu, mara nyingi utaona vilima viwili, cha maandishi matupu na cha zenye viambatisho, hapo changanya lognomo mbili (lognomo ni mgawanyo ambao ukipiga logarithimu unakuwa kengele). Na angalia mediani pia, yaani saizi ya katikati ukizipanga.

paithoni_254: Naongezea, mkia ujaribu Pareto, mgawanyo wa mkia mzito. Alfa yake (namba inayoonyesha mkia unavyopungua haraka) ikiwa 2 au chini, varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko, haina kikomo, ndo maana wastani hautulii.

mdau_seva: Asanteni sana. Nipime faili la kiambatisho lenyewe au imeli ilivyo kwenye seva?

takwimu_tu: Ilivyo kwenye seva. Base64, njia ya kuandika kiambatisho kama maandishi ndani ya imeli, inageuza baiti 3 kuwa herufi 4, so PDF ya MB 3 inakula MB 4 na ushee.