MREJESHO: Waandishi wa redio Makamba na habari za wakimbizi waliorudi

Wakuu, salaam. Niliomba ushauri wa kuwasaidia vijana wa redio ya jamii huko Makamba, kusini mwa Burundi, wanaoripoti habari za wakimbizi waliorudi kutoka kambi za Nduta na Nyarugusu huko Tanzania. Asanteni sana kwa majibu yenu.

Kilichozaa matunda ni kulipia nauli ya pikipiki. Zamani habari zao ziliishia siku ya mapokezi, watu wanaposhuka kwenye basi na magodoro yao. Sasa wanapanda vilimani miezi baadaye, na huko ndiko habari yenyewe iliko: mzee aliyekimbia mauaji ya 1972 anakuta michikichi yake inavunwa na familia nyingine, nayo imezalia watoto na wajukuu palepale. Kipindi kimoja kilieleza kwa Kirundi kwamba Mkataba wa Arusha wa 2000, ule wa amani ya Burundi, unataka mkimbizi arudishiwe ardhi yake, na isipowezekana alipwe fidia. Simu zilimiminika, wengi hawakuwahi kulisikia hilo.

Mliosema wahojiwe wote wawili, aliyerudi na anayelima sasa, Mungu awabariki. Wanaolima wameacha kuwafukuza waandishi.

Mafunzo ya mtandaoni yamekwama, bando na umeme havikutosha. Viongozi wa ardhi nao bado hawataki kuhojiwa. Hela iliyobaki tumenunulia sola ndogo ya kuchajia vinasa sauti, inafanya kazi vizuri. Habari za kufuatilia wanachagua wenyewe, mimi siingilii.