Jumuiya ya Bethania: Meza ya Bwana imeahirishwa

*Katibu wa Jumuiya:* Bwana asifiwe wapendwa. Meza ya Bwana ya Jumapili hii imeahirishwa. Mchungaji atakuwa mtaa wa juu wa usharika wetu, kuna kipaimara. Mwinjilisti ataongoza ibada.

*Mama Upendo:* Amina. Ila mama mkwe yuko kitandani, anaulizia sakramenti tangu Pasaka 😔

*Baba Eliya:* Mchungaji mmoja, mitaa mitano. Atagawanyikaje?

*Kaka Joeli:* Kwa nini Mwinjilisti wetu asibarikiwe tu awe mchungaji, naye atugawie Meza ya Bwana? Anahubiri, anazika, anafundisha watoto kipaimara. Nini kinapungua?

*Mwinjilisti:* Nashukuru ndugu yangu. Lakini mimi nilisomea uinjilisti. Mzazi aliyefiwa na mtoto akiniuliza Mungu alikuwa wapi, nakaa naye, naomba naye, na naona kabisa mafunzo yangu yalipoishia. Mchungaji anasoma miaka kadhaa: Kigiriki, Kiebrania, historia ya kanisa, ushauri wa kichungaji. Halafu anafanya kazi usharikani chini ya mchungaji mzoefu ndipo awekewe mikono. Tusiifupishe njia hiyo kwa sababu ya haraka zetu.

*Babu Mzee wa Kanisa:* Umesema kweli. Chuo cha theolojia kilianza Lwandai, Usambara, 1947, kikahamia Makumira 1954. Makanisa saba yakaungana kuwa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, 1963. Tangu hapo waumini wameongezeka mno. Zikijengwa nyumba kumi mahali, tunafunga turubai, mtaa umeanza. Mtaa unafunguliwa kwa wiki moja, mchungaji hapatikani kwa wiki moja.

*Baba Eliya:* Na vijana wenye alama nzuri tunawaelekeza udaktari na uhasibu. Nani humu amewahi kumwambia mwanawe asome theolojia? Tunamwomba Bwana wa mavuno apeleke watenda kazi, ila watoke nyumba ya jirani.

*Mama Upendo:* Upendo anataka. Kamaliza kidato cha sita. Baba yake ndiye anayesita. Anasema mchungaji wa kijijini akipangiwa usharika wenye sadaka ndogo, mshahara unachelewa miezi, na watoto wake wanakula vilevile kila siku.

*Mama Mdogo Sifa:* Shemeji ana haki ya kuogopa. Hilo ni letu, tusimsukumie Mungu. Na asitokee wa kusema "ni msichana". Wanawake wanabarikiwa KKKT tangu 1991.

*Kaka Joeli:* Ada je?

*Babu Mzee wa Kanisa:* Kwanza wazee wa kanisa wampendekeze, barua ipite jimboni hadi dayosisi, aitwe kwenye usaili. Ada tusingoje dayosisi ilipe yote. Mimi natoa gunia la mahindi kila mavuno mpaka amalize.

*Baba Eliya:* Mimi 20,000 kila mwezi. Katibu andika.

*Mama Mdogo Sifa:* 10,000. Nauli za likizo pia niachieni.

*Katibu wa Jumuiya:* Nimeandika 🙏 Jumatano tuwe na jumuiya kwa Mama Upendo, baba yake naye tumsikilize. Asishinikizwe.

*Mwinjilisti:* Mama Upendo, nimeongea na Mchungaji sasa hivi. Jumanne asubuhi atamletea Bibi Meza ya Bwana nyumbani.

*Mama Upendo:* Asante sana Mwinjilisti. Nani atampokea stendi?

*Kaka Joeli:* Mimi, na pikipiki. Saa ngapi?